Maji ya Mgeni

Metlopi, 3 Septemba 1997

Modisa,

“Landrova yenye injini ya Kijapani si gari la baba tena, ni bati tupu lililovaa jina la marehemu.” Ndivyo ulivyoandika, tena ukapiga mstari chini ya neno marehemu, kana kwamba mimi ndiye niliyesahau nani amekufa. Nimemsomea mama. Akauliza, “Bati tupu haliwezi kubeba maji?” Nikamwambia linaweza. Akasema, “Basi mwambie alilete.”

Sasa nijibu hoja yako, maana wewe ni mwalimu na unapenda hoja. Gari la baba ni lipi? Mlango wa kushoto aliutoa kwenye gari la polisi lililopinduka njia ya Tshane. Tangi la mafuta ni la tatu. Boneti ilibadilishwa mwaka ule dume la ng'ombe la Rra Sekgwa lilipoliparamia gari kwa sababu ambazo baba hakutaka tuzizungumze mezani. Chesisi imechomelewa mpaka mchomeleaji akalalamika kwamba sasa anachomelea kazi yake mwenyewe. Katika hayo yote sikukuona ukidondosha chozi. Injini tu ndiyo imegeuka kuwa baba.

Mwezi wa Juni ulikuja na wanaume watatu. Mkashusha injini pamoja na giaboksi, vikiwa vimeshikana, mkapakia kwenye lori la ng'ombe, mkala mbuzi wa mama, mkaondoka. “Mwezi mmoja,” ulisema. “Inakwenda Lobatse, inapigwa ovahoo, inarudi mpya.” Huu ni mwezi wa tatu. Mgeni yuko juu ya magogo na kuku wametaga pale injini ilipokuwa. Jina hilo la Mgeni ulilipa gari wewe mwenyewe, ukiwa mdogo, ulipoona sisi tunakunywa maji ya chumvi ya kisima na gari linanyweshwa maji matamu kama mtu aliyekuja kutembea.

Kwa hiyo sina haja ya kukueleza kisima chetu kikoje. Ng'ombe wanakivumilia. Mama hawezi tena. Nesi wa Hukuntsi amesema waziwazi: figo zake zimechoka, maji ya chumvi asiyanywe, hata uji usipikwe nayo. Maji matamu yako Hukuntsi, kilomita sitini za mchanga mtupu. Mgeni alikuwa anakwenda asubuhi na kurudi jioni na mapipa manne. Mkokoteni wa punda unakwenda na kurudi kwa siku nne, na mapipa mawili, moja likiwa limemwagika nusu njiani. Mkokoteni ukichelewa, mama anakunywa ya kisima. Miguu yake imeanza kuvimba.

Kang kuna Mherero anaitwa Rra Uazapi. Ana pikapu ya dizeli ya Kijapani iliyomgonga tandala na kubingirika; bodi imekwisha lakini injini ni nzima. Nimeisikiliza mwenyewe ikiunguruma nusu saa bila kukohoa. Anataka maksai wawili, na nitawatoa kwenye ng'ombe wangu mwenyewe, wenye alama yangu. Fundi wake anatengeneza bamba la kuunganisha injini ya namna hiyo na giaboksi ya Landrova, na ameshafanya magari matatu. Anachotaka ni giaboksi iwe mbele yake apime.

Giaboksi unayo wewe. Sikuombi ushauri. Irudishe.

Kenalemang


Lobatse, 15 Septemba 1997

Dada,

Rra Kebonang wa lori la ng'ombe alinikabidhi barua yako shuleni, mbele ya walimu wenzangu, akatangaza, “Dada yako kasema usome ukiwa umekaa.” Walicheka wote. Asante sana.

Umezoea kuyaandikia magazeti na kupigana na wahariri wake, sasa unadhani kila mtu ni mhariri. Mimi ni mdogo wako, na kwa kauli ya wazee mimi ndiye mwenye hilo gari. Mjomba Gaotingwe aligawa urithi mbele ya watu, nawe ulikuwepo umekaa mkekani: nyumba na mbuzi kwa mama, ng'ombe tugawane, gari kwangu. Hukupinga. Leo unataka kuweka injini iliyonunuliwa kwa maksai wako, ili kesho ukae tena mkekani useme nusu ya gari ni yako. Mimi si mjinga, Mma.

Injini ile ni ya baba kwa sababu moja ambayo hukuigusa. Watu wa jangwa zima la Kgalagadi wanajua kwamba Serumola, baba yetu, hakuwahi kuchemsha rejeta. Magari ya serikali yalichemsha. Ya wazungu wa kutafuta almasi yalichemsha. Baba alikuwa anapita akiwapungia mkono, na wao wamekaa kwenye kivuli cha boneti zao. Kwa miaka ishirini na mitatu, injini hiyohiyo. Ukiitupa, umetupa kitu pekee ambacho watu walikuwa wanamsifu nacho.

Na kwa kuwa umenichokoza, nitasema nililolinyamazia. Aliyeiua ni wewe. Siku ya mazishi mlifungua lile pipa lenye mkanda mwekundu, pipa la Mgeni, ambalo baba hakuruhusu mtu aliguse, mkachemshia chai ya waombolezaji. Nilipotaka kumrudisha mchungaji Hukuntsi pipa lilikuwa kavu. Ikanibidi nijaze rejeta maji ya kisima. Tulifika nusu ya njia, gari likachemsha, mchungaji akashuka kwenye moshi akiwa na kanzu yake anakohoa kama mbuzi. Wiki mbili baada ya hapo likawa halipandi hata tuta la mchanga. Nimemweleza mjomba mambo haya na amekubaliana nami. Amesema atayaweka wazi mbele ya chifu, kgosi mwenyewe, ikibidi.

Injini iko mikononi mwa fundi Kgaswane, aliyemhudumia baba tangu sisi tukiwa shule. Silinda zitachongwa, kranki itasuguliwa, pistoni zimeagizwa kutoka Johannesburg. Kazi nzuri haina haraka. Kama hali ya mama ni mbaya kama unavyoichora, mlete Lobatse. Kwangu maji matamu yanatoka kwenye bomba.

Modisaotsile


Metlopi, 24 Septemba 1997

Modisa,

Kwa hiyo niliua injini kwa chai.

Hebu tuipige msasa hiyo hadithi. Mkono ulioshika kopo la maji ya kisima ulikuwa wa nani? Nani aliyekuwa kwenye usukani, akiona mshale wa joto umesimama kama kidole cha shahidi, akaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu alikuwa na mchungaji pembeni na hakutaka aibu? Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe mia mbili. Chai ile ulikunywa vikombe vitatu. Nilikuhesabia kwa sababu kila mara ulikuwa unasema sukari ni kidogo.

Na maji yake hayakutoka kwenye pipa jekundu. Yalikuja na watu wa kanisa kutoka Hukuntsi. Waulize. Pipa jekundu nililifungua, nakubali, nikitafuta akiba. Ndani kulikuwa na buibui. Buibui, Modisa, na utando wake uliojaa vumbi. Lile pipa lilikuwa halijaona maji siku nyingi. Nikadhani baba, kwa ugonjwa wake wa mwisho, alikuwa amesahau kulijaza, nikafunga nisimwaibishe. Wewe ulipolikuta kavu ukanitafuta mimi. Haikukupitia kichwani kumtafuta mtu mwingine yeyote, kwa kuwa mimi nipo karibu na ni mwanamke na nina mdomo.

Unasema nimlete mama Lobatse. Mama amevaa nguo za msiba mpaka Mei mwakani. Unataka mjane akalale kwenye kochi lako hajavuliwa nguo nyeusi? Nani atakwenda kumwambia shangazi, wewe? Nipe taarifa siku hiyo, nitakuja na kiti. Nilimgusia mama jambo hilo hata hivyo, nisije nikaambiwa nimeficha. Alisema, “Modisa ana nyumba nzuri. Mwambie nitakuja nikivaa nguo za rangi.” Akarudi kupepeta mtama wake. Alikuwa amekaa na miguu juu ya kigoda, maana ikining'inia inamuuma. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki.

Kuhusu sifa za baba: hao waliomsifu hawakumsifu kwa chuma. Walimsifu kwa sababu alikuwa anafika. Mama yake Rra Sekgwa alifika hospitali akiwa hai kwa sababu baba alifika. Gari lililo juu ya magogo halifiki. Ovahoo yako ya miezi minne haijafika hata Kang.

Usiniandikie tena habari za pistoni. Niandikie tarehe.

Kenalemang


Lobatse, 2 Oktoba 1997

Dada,

Pistoni zimefika. Kumebaki gasketi na mambo madogomadogo. Wiki tatu, labda nne.

Buibui si ushahidi.

Ukimgusa huyo Mherero wako, au ukatoa ng'ombe kwa ajili ya gari ambalo si lako, nitakwenda mbele ya kgosi pamoja na mjomba, na hayo ya chai yatasemwa hadharani. Na nakuomba jambo moja: usimwandikie fundi Kgaswane. Ni mzee, hapendi kusumbuliwa, na barua zako zinaweza kumtoa mtu kwenye kazi.

Mpe mama salamu. Nimemtumia viatu vya wazi, namba kubwa.

Modisaotsile


Metlopi, 7 Oktoba 1997

Rra Kgaswane,

Mdogo wangu Modisaotsile ameniandikia nisikuandikie. Ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni Kenalemang, binti wa kwanza wa marehemu Serumola wa Metlopi, mwenye ile Landrova. Huenda unanikumbuka, nilikuja na baba gereji kwako mwaka wa ukame ule mkubwa, nikakaa juu ya tairi nikisoma kitabu chako cha injini, ukasema mtoto huyu atakuja kumsumbua mume. Ilikuwa kweli, ila alikufa kabla hajachoka.

Nina maswali machache na nataka majibu ya fundi, si ya mwanasiasa. Injini ya baba ina nini hasa? Itarudi lini? Na kama unajua, iliharibiwa na nini, na kwa siku ngapi? Nauliza hili la mwisho kwa sababu nimetuhumiwa kwamba niliiua kwa birika la chai, na tuhuma hiyo inapelekwa mbele ya kgosi.

Sitakuzungusha. Nyumbani kuna mama ambaye figo zake hazitaki maji ya chumvi, na hatuna kitu cha kumletea matamu isipokuwa punda wanne, mmoja kilema. Kila wiki unayonyamaza, Rra, kuna mtu anayeimeza.

Kenalemang Serumola


Lobatse, 20 Oktoba 1997

Mma Kenalemang,

Salamu. Mimi si mtu wa kalamu, mwanangu wa kike ndiye anayeandika, mimi nasema.

Injini ya baba yako imekufa. Ilikufa kabla haijafika kwangu. Nilipoifungua mwezi wa Juni, wiki ya pili, nilikuta chumvi imekula bloki kutoka ndani. Ukuta kati ya maji na silinda ya tatu umetoboka. Naingiza kidole kidogo. Vile vizibo vya pembeni vimekuwa vyembamba kama karatasi ya sigara. Bloki kama hiyo huchongi. Ukichonga unakutana na hewa. Nilimwambia ndugu yako siku hiyohiyo. Hakuna pistoni iliyoagizwa.

Alikaa kwenye ndoo, akashika kichwa. Halafu akaniambia nitafute bloki nyingine ya zamani ya aina ileile, niipake rangi ileile, niirudishe kama yenyewe, na mtu asijue. Nikamwambia, Rra, huko ni kubadilisha injini. Akasema hapana, ni kurekebisha. Basi tangu Juni nazunguka kwenye vyuma chakavu vya Lobatse, Kanye mpaka Mafikeng, na kila bloki ninayopata ina ufa. Ndiyo ovahoo yenyewe hiyo.

Sasa swali lako la siku ngapi. Mma, chumvi ya siku moja hailipi deni hilo. Nilikwangua tabaka ndani ya rejeta, nene kama ukoko wa ugali. Hiyo ni miaka miwili, mitatu. Hata majani ya chai sikuyaona.

Na hapa nitasema jambo ambalo niliapa kulinyamazia, lakini aliyeniapisha amekufa na wewe unatuhumiwa. Miaka miwili iliyopita baba yako aliniletea gari nibadilishe pampu ya maji. Nilipoifungua ikawa nyeupe tupu. Nikamwambia, “Serumola, unalinywesha nini gari hili? Wewe, mtu wa maji matamu?” Tulikuwa marafiki, nilimtukana kidogo. Akacheka. Akasema, “Mgeni amekaa kwangu miaka ishirini na moja. Siku hizi ni mwenyeji. Anywe wanachokunywa wenyeji.” Nikamwambia ataua injini. Akasema anajua, na akaniuliza itachukua muda gani kufa. Nikamwambia miaka miwili ukiiendesha polepole. Akahesabu kwa vidole, akasema, “Inatosha.”

Kisha akaniambia kwamba nesi amemkataza mke wake chumvi, na mapipa anayoleta yanamalizika haraka kwa kuwa majirani wanaomba na yeye hajui kumnyima mtu. Basi pipa la gari amempa mke. Akaniambia, “Usije ukamwambia mtu. Mke wangu akijua, hatakunywa tena. Unamjua alivyo.”

Ndugu yako sikumwambia hili. Nilimwambia chumvi ya miaka, basi, sikuongeza. Nilikuwa nimeapa.

Giaboksi ni nzima. Nimeibadilishia mafuta. Ni ya kuchukuliwa tu.

Tirelo Kgaswane


Lobatse, 27 Oktoba 1997

Dada,

Kgaswane amenieleza kwamba amekujibu. Nilikuomba jambo moja tu.

Sawa. Sasa unajua kwamba bloki imetoboka na kwamba pistoni ni uongo wangu. Furahi. Lakini kabla hujaanza kupiga vigelegele, jiulize kwa nini nilisema uongo. Nilikulaumu wewe mwezi wa Mei, kwa hasira ya mazishi, nikidhani ni kweli. Mwezi wa Juni fundi akaniambia chumvi ile ni ya miaka mitatu. Unafahamu maana yake? Maana yake ni kwamba baba mwenyewe alikuwa anajaza maji ya kisima. Mtu aliyetuchapa viboko kwa kuchovya kikombe kwenye pipa jekundu! Alikuwa amechoka akili, dada. Alikuwa hajui tena anachofanya, na sisi hatukumwona. Mimi huku na chaki zangu, wewe huko na magazeti yako.

Ningefanya nini? Nisimame mbele ya watu niseme Serumola ambaye hakuwahi kuchemsha aliishia kuua gari lake kwa mkono wake kama mtoto? Ilikuwa rahisi zaidi iwe chai. Wewe unaweza kubeba. Umekuwa ukibeba maneno ya watu tangu nikujue, unayala kama njugu.

Ningepata bloki, ningeipaka rangi, gari lingerudi, na hakuna ambaye angejua. Ulitakiwa kusubiri tu.

Mjomba bado hajui. Nakuomba abaki hajui.

Modisaotsile


Metlopi, 5 Novemba 1997

Kwako Modisaotsile Serumola, na kwako mjomba Gaotingwe,

Nawaandikia wote wawili karatasi moja, na nimemwambia Rra Kebonang aisome kwa sauti nyinyi mkiwa mmekaa pamoja, kwa sababu nimechoka na nyumba ambayo kila mtu ana kipande chake cha ukweli na amekikalia.

Mjomba, ulikubali kwamba niliua injini ya baba kwa chai. Hukuniuliza. Hukuuliza watu wa kanisa. Ulisikia mwanaume akisema, ukatosheka. Nimeambatanisha barua ya fundi Kgaswane. Ukiisoma utaona kwamba mpwa wako alijua tangu Juni kuwa si kweli, na akakuacha uendelee kuniandalia kesi. Yakiisha hayo muulizane nyinyi.

Modisa, wewe soma ukurasa wa pili wa barua hiyo, ule ambao Kgaswane hakukueleza. Usome polepole, kama unavyowaambia wanafunzi wako. Baba hakuwa amechoka akili. Alihesabu kwa vidole. Alijua miaka aliyobakiwa nayo mama bila maji matamu, alijua miaka ambayo injini ingeweza kuvumilia, akachagua, akafunga mdomo. Kila asubuhi alilijaza gari lake chumvi akijua analiua, gari ambalo unasema lilikuwa sifa yake. Na wewe mwanawe, ulipokuta alama ya jambo hilo, ukaona aibu. Ukaifunika kwa rangi. Ulitaka kumlinda baba kwa kuficha tendo bora kuliko yote aliyowahi kulifanya.

Nami nina fungu langu, sitalikwepa. Nilimwona buibui kwenye pipa nikadhani ni usahaulifu. Nilikuwa nyumba moja na mzee huyo miezi yake yote ya mwisho, na sikuona anachofanya. Mama alikuwa ananiambia, “Baba yako anasema Mgeni kazeeka, siku hizi hanywi sana, hivyo nichote tu.” Tukacheka. Gari lisilokunywa sana! Mimi niliyesoma vitabu vyote vya injini vilivyofika Metlopi, nikacheka.

Sasa lililotokea. Barua ya fundi ilifika Jumatatu ya wiki iliyopita, mimi nikiwa kisimani. Rra Kebonang alimkuta mama peke yake uani. Mama akamwambia, “Nisomee.” Naye, masikini, akasoma yote, mpaka lile ambalo baba alisema asiambiwe mtu, na yule hasa aliyefichwa amekaa mbele yake na kikombe mkononi. Niliporudi nilimkuta Rra Kebonang amesimama kando ya lori amevua kofia. Mama alikuwa ameweka kikombe chini. Kilikuwa kimejaa. Akanitazama akasema, “Kumbe nimekunywa injini nzima.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Baba alimjua mke wake: tangu siku hiyo hajagusa maji matamu. Anakunywa ya kisima, tunayokunywa sote. Nimembembeleza, nimepiga kelele, nimemleta nesi juu ya mkokoteni siku mbili mchangani. Nesi naye akapiga kelele. Jibu la mama ni moja: “Mwenye fungu alinyimwa kwa ajili yangu. Akipata lake, nami nitakunywa langu.” Mwenye fungu ni gari, Modisa. Anataka kumwona Mgeni amesimama kwa miguu yake, rejeta imejaa maji ya Hukuntsi, ndipo achukue kikombe. Nilimwambia ni chuma, mama. Akasema, “Ndiyo. Na hakikulalamika.” Uvimbe umepita magoti.

Nesi amesema akiendelea hivi ni wiki mbili, akaangalia pembeni. Nimempa Rra Uazapi maksai wake. Injini iko tayari imepakiwa, fundi wa Kang anasubiri kupima, na hata ukienda mbele ya kgosi leo utanikuta nimeshalitenda. Hofu yako ilikuwa nitadai nusu ya gari. Chukua lote. Nimeandika mbele ya Rra Kebonang na nesi kwamba gari ni la Modisaotsile, na injini ni yake, na sitakaa mkekani kudai hata nati. Maksai wale wawili wahesabuni kuwa zawadi yangu kwa mama.

Kwa hiyo hakuna hoja iliyobaki. Yafanyeni haya.

Wewe Modisa, Ijumaa hii, si Ijumaa ijayo, ipakie giaboksi kwenye lori la Rra Kebonang na upande nayo mwenyewe. Omba ruhusa shuleni au usiombe. Pitia Kang, kaa hapo mpaka bamba litakapofungwa, kisha uje na injini mpaka hapa uani. Utaifunga kwa mikono yako, maana ni gari lako.

Wewe mjomba, panda lori hilohilo. Pale Hukuntsi mshuke mjaze mapipa mawili. Moja la mama na moja la gari. Nimewapelekea lile lenye mkanda mwekundu, nimelisugua. Asije mtu akafika hapa na pipa moja akaniuliza lipi lianze. Ukifika, kabla hujapewa chai, simama mbele ya majirani useme kwa mdomo wako kwamba lile la chai halikuwa kweli, na kwamba Serumola alichemsha, na useme kwa nini alichemsha.

Na ile bloki iliyotoboka isiuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Mama ameiomba. Hajasema anaitakia nini, nami sijamwuliza. Ileteni.

Kenalemang